Kiev 4 ya marehemu baba mdogo: usifungue mgongo kwanza

Swali: Shikamoo mzee. Baba yangu mdogo alisoma uhandisi Kiev, akarudi Dar mwaka 1971. Amefariki mwaka jana na kamera yake imeniangukia mimi. Juu imeandikwa КИЕВ, namba yake inaanza na 68, lenzi ni Jupiter-8M. Kipima mwanga kimekufa, mshale hausogei. Nikizungusha kile kifundo cha kurudishia mkanda nahisi kinakaza. Watu wananiambia ni Leica feki, niiuze ninunue ya Kijapani. Mimi nataka kujifunza nayo. Nianzie wapi, na ninunue nini? Msomaji, Magomeni.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla ya lenzi, kabla ya mkanda mpya, kabla ya lolote: usifungue mgongo wa hiyo kamera. Kifundo cha kurudishia mkanda kikikaza, maana yake karibu kila mara ni moja, kwamba ndani kuna mkanda na umeshikwa kwenye meno. Huenda ni picha za mwisho alizopiga marehemu. Ukifungua mgongo sebuleni mchana, hata kwa nukta moja, utakuwa umezifuta kwa mkono wako.

Fanya hivi. Chini ya kamera kuna kitufe kidogo cha kuachilia mkanda. Kibonyeze, kisha zungusha kifundo cha kurudishia kwa kufuata mshale, polepole kama mtu anayekunja uzi uliooza. Mkanda wa miaka hiyo umekauka na unakatika. Utaendelea kuhisi uzito, halafu ghafla kitu kitaachia na kifundo kitakuwa chepesi. Hapo umeingia wote kwenye kopo lake. Ukikwama katikati, acha, usilazimishe. Subiri usiku, ingia chumba kisicho na mwanga hata wa chini ya mlango, ondoa mgongo humo gizani, uuviringishe mkanda kwa mkono na kuuweka kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Hata kama kila kitu kimekwenda vizuri, mgongo ufungue gizani hiyo mara ya kwanza. Kisha mkanda huo uandike "baba mdogo", utie kwenye mfuko unaofungika vizuri, uweke kwenye friji, chini, siyo kwenye barafu. Nitaurudia.

Sasa hilo la Leica feki, yaani nakala ya ile kamera maarufu ya Kijerumani. Si kweli, na ni vizuri ujue kwa nini, maana historia ya kamera hii ndiyo inayoeleza vituko vyake vyote. Kuna kamera za Kisovieti zilizofuata umbo la Leica, FED na Zorki, na nyingi za hizo zimechongwa jina la Leica na matapeli. Kiev haitoki ukoo huo. Babu yake ni Contax II ya kampuni ya Zeiss Ikon ya Dresden, iliyotoka mwaka 1936, kamera iliyounganisha kipima umbali na kidirisha cha kutazamia katika tundu moja la jicho. Ndiyo aina ya kamera aliyokuwa nayo mpiga picha wa vita Robert Capa aliposhuka na askari Normandy tarehe 6 Juni 1944. Vita ilipokwisha, Wasovieti walichukua mitambo na vipuri vyake kama fidia, vikapelekwa kiwanda cha Arsenal mjini Kiev. Kwa hiyo Kiev za mwanzo zilikuwa Contax zilizobadilishwa jina, na zilizofuata ziliendelea na ramani ile ile hadi miaka ya 1980. Tarakimu mbili za mwanzo za namba ni mwaka wa kutengenezwa. Yako ni ya 1968. Marehemu aliinunua ikiwa bado mpya, katika mji ilikotengenezwa.

Niiuze ninunue ya Kijapani? Hapana. Kamera za Kijapani za miaka ya 70 ni nzuri na ni rahisi kuliko hii, sitakudanganya. Lakini umesema unataka kujifunza nayo, na kamera hii inafundisha kwa sababu haikufanyii kitu chochote. Kila hatua unaifanya wewe, kwa mpangilio wake. Wengi wanaoilaani hawakuujua huo mpangilio, wakaivunja, wakasema ni mbovu.

Mkanda ukishatoka, ijaribu ikiwa tupu. Chini kuna funguo mbili za kukunja. Zigeuze, na mgongo wote unateleza kwenda chini na kutoka. Tahadhari kubwa hapa: upande wa pili wa kopo kuna kigurudumu kinachopokea mkanda, na kwenye Kiev 4 ya umri wako hakijafungwa popote. Ukiinamisha kamera kinadondoka. Kikipotea kamera haivuti mkanda tena, na kukipata kingine ukiwa Dar ni kazi ya miezi. Fungulia juu ya kitanda, au juu ya khanga uliyoitandika mapajani.

Ukitazama ndani utaiona shata, pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uufikie mkanda. Ile milango ya chuma ya maduka ya Kariakoo inayokunjwa juu asubuhi na kushushwa jioni, ndiyo hiyo hiyo, kwa udogo wake: vipande vyembamba vya chuma vilivyounganishwa, vinavyopita wima. Pembeni vinashikwa na utepe mwembamba wa kitambaa. Huo utepe ndio roho ya kamera, na ndio unaozeeka. Zungusha kifundo cha juu mpaka kisimame, huko ndiko kuvuta, kisha bonyeza. Jaribu kasi zote za shata, kuanzia 1/2 hadi 1/1250 ya sekunde. Kwenye kasi za chini unatakiwa kusikia mlio kama wa saa ya mkono inayotembea, bila kukatika. Elekeza kamera dirishani, lenzi ikiwa wazi kabisa, utazame kwa nyuma: kwenye 1/125 uone mwanga ukipita pande zote za fremu, usiwe umefifia upande mmoja.

Kama inasita kidogo, mara nyingi ni grisi iliyoganda kwa kukaa kabatini. Ivute na kuiachia mara 50, ipumzike, kesho tena. Nyingi zinaamka zenyewe baada ya wiki. Usitie mafuta. Niliwahi kuletewa Kiev 4A, ndugu yake isiyo na kipima mwanga, ambayo fundi mmoja aliitia mafuta ya cherehani kupitia kwenye shata. Mafuta yaliingia kwenye utepe, utepe ukavimba na kuteleza, na shata ikaanguka chini kama pazia lililokatika kamba. Ilikuwa nzima kabla ya hapo, ilikuwa imelala tu. Bado inaniuma. Na fundi wa simu hata awe hodari vipi asiifungue. Shata hii ni ngumu kuliko saa, na ikishatawanyika mezani wachache sana duniani wanaweza kuirudisha.

Kuna sheria moja ya kasi ambayo naomba uishike kama namba ya simu ya nyumbani: vuta kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Kifundo cha kuvutia ndicho pia kinachopanga kasi. Unakiinua, unakizungusha hadi namba unayotaka, unakiachia kikae. Ukifanya hivyo shata ikiwa haijavutwa, unajitafutia matatizo. Na usiiache ikiwa imevutwa usiku kucha, springi inachoka.

Halafu mkono. Hapa ndipo Kiev inapowachanganya karibu wote. Ukiishika kama kamera nyingine yoyote, vidole vya kulia vinaziba kile kidirisha kidogo cha mbele, upande wa kulia, na kipima umbali kinakuwa kipofu. Nafasi kati ya madirisha yake mawili ni milimita 90, wakati Leica M3 inayosifiwa sana ina karibu 69, na upana huo ndio unaoipa Kiev usahihi wake, lakini unadai mkono ujifunze upya. Kidole cha shahada kiweke kwenye lile gurudumu dogo lenye meno, karibu na kitufe cha kupigia. Cha kati ndicho kibonyeze. Vidole vingine vikunje chini, mbali na kidirisha. Siku tatu za mwanzo vitakuuma. Lenzi ikiwa kwenye umbali wa mwisho (alama ya ∞) inajifunga. Pembeni ya gurudumu kuna kitu kidogo cha kubonyeza ili iachie, na hapo watu wengi hulazimisha gurudumu na kulivunja meno.

Katikati ya kidirisha utaona kipande cha mstatili chenye rangi tofauti kidogo. Ndani yake kila kitu kinaonekana mara mbili. Zungusha mpaka picha mbili ziwe moja: fokasi imekamilika. Tafuta mstari uliosimama, ukingo wa mlango, nguzo ya umeme, kola ya shati. Kuhakikisha kipima umbali hakijapotea, nenda Coco Beach asubuhi ambako hewa ni safi, funga lenzi kwenye umbali wa mwisho, tazama mlingoti wa meli iliyotia nanga mbali. Ukiuona mmoja, uko salama. Ukiuona miwili, kipima umbali kinahitaji kurekebishwa, na hiyo ni kazi ya mtu anayezijua kamera hizi, siyo ya bisibisi ya nyumbani.

Jambo jingine ambalo wageni wa kamera hizi hawaamini mpaka liwapate: unachokiona kwenye kidirisha hakipiti kwenye lenzi. Mfuniko ukiwa umebaki, bado utaona kila kitu vizuri na utapiga mkanda mzima wa giza. Uweke mfuniko nyumbani, ukitoka usiuchukue.

Kipima mwanga kilichokufa kisikusumbue. Ni cha seleniamu, hakitumii betri, na kinaishiwa nguvu kadiri miaka inavyopita. Hakijaunganishwa na shata wala lenzi, kwa hiyo kufa kwake hakuipunguzii kamera kitu. Dar ina mwanga unaotabirika kiasi kwamba unaweza kuusoma bila chombo. Jua kali la mchana, vivuli vina kingo kali: tundu la lenzi linalopitisha mwanga liwe f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kasi iwe ile iliyo karibu na namba ya mkanda, ile ISO ya kwenye boksi. Mkanda wa 400, tumia 1/500. Wa 100, tumia 1/125. Wingu la masika lililofunika anga lote, fungua hadi f/8. Chini ya mwembe au barazani, f/5.6.

Lakini barazani ndipo panapotaka akili zaidi, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu picha nyingi utakazotaka kupiga zitakuwa hapo. Bibi amekaa kwenye mkeka kivulini, nyuma yake uchochoro unawaka jua, na ngozi yake ni nyeusi kama yangu na yako. Kanuni za kwenye boksi la mkanda hazikumfikiria yeye. Ukipima kwa ajili ya uchochoro, uso wake unakuwa shimo. Pima kwa ajili ya uso: kwa mkanda wa 400, 1/250 na f/5.6, na uchochoro uwake utakavyo. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga ukizidi hatua moja au mbili (kila hatua ni mwanga mara mbili). Mwanga ukipungua hausamehi. Ukisitasita, ongeza.

Barabarani huna muda wa kuunganisha picha mbili, daladala inapita, mtu anageuka. Weka tundu f/11, umbali mita 5, na kila kitu kuanzia kama mita 3 hadi mita 14 kitakuwa kimekaa sawa. Hapo Kiev inakuwa ya haraka kuliko simu. Omba ruhusa ya watu, na lenzi usiielekeze kwenye Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi wala bandari. Ukiwa soko la samaki la Feri, salimia kwanza, nunua hata dagaa wa buku, ndipo uulize.

Ununue nini? Kidogo sana. Lenzi nyingine usinunue mwaka huu. Hiyo Jupiter-8M inatokana na mchoro wa lenzi ya Sonnar wa Ludwig Bertele wa Zeiss, na kwa nyuso za watu sijui lenzi ya bei hiyo inayoishinda. Kwenye f/2 ni laini, kuanzia f/4 inakaza. Jua likiipiga usoni inafifia, kwa hiyo tafuta kofia ya lenzi na kichujio cha njano kwa ajili ya mawingu. Uzi wake ni milimita 40.5. Na siku ukija kutamani lenzi pana ya milimita 35, Jupiter-12, uwe macho: Jupiter hizi zilitengenezwa za aina mbili, za Kiev na za kufunga kwa uzi kwa ajili ya FED na Zorki, na za uzi haziingii kwenye Kiev kabisa. Wauzaji wa mtandaoni wanazichanganya kila siku. Omba picha ya mgongo wa lenzi. Ukiona uzi kama wa parafujo, achana nayo. Za Nikon za zamani za kipima umbali nazo zinaingia, lakini zile za milimita 50 na zaidi hazipati fokasi sahihi.

Nunua vifuko vya silika jeli, au kusanya vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Adui wa lenzi Dar ni unyevu. Imulike lenzi kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, ni fangasi. Kamera itoe kwenye kava lake la ngozi, ngozi inahifadhi unyevu, uikalishe kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na silika. Kava lihifadhi kwingine kwa ajili ya kumbukumbu. Ukitoka ufukweni, ifute chumvi siku hiyo hiyo. Na usiiache kwenye gari.

Mkanda anza na wa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus kwa mfano, kwa sababu huo unaweza kuusafisha mwenyewe jikoni. Mkanda wa rangi usinunue kabla hujajua nani atakusafishia. Kama kuna mtu anakuletea kutoka nje, mwambie aubebe mkononi, kamwe asiuweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, na uwanjani aombe ukaguliwe kwa mkono, maana mashine mpya za ukaguzi zinauunguza.

Ukiutia kwenye kamera, ingiza ncha kwenye kile kigurudumu, funga mgongo, vuta, huku ukitazama kifundo cha kurudishia: kikizunguka chenyewe, mkanda unatembea. Kihesabio kirudishe sifuri kwa mkono, hakijirudishi. Nafasi kati ya picha na picha hazitalingana. Ni tabia yake. Beba daftari na uandike kila picha, mwanga ulikuwaje, tundu gani, kasi gani. Bila daftari mkanda wa kwanza hautakufundisha kitu.

Kusafisha, tatizo letu hapa ni joto. Vitabu vinasema nyuzi 20, na maji yetu ya bomba ni ya uvuguvugu. Usihangaike kufika 20. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji, tia barafu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ushushe hadi 24, na upunguze muda. HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji kiasi sawa inataka dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa 24 ni kama dakika 9. Ukishuka chini ya dakika 5 kwa dawa yoyote, mkanda unatoka na mabaka. Fiksa, dawa ya kuishikiza picha, na maji ya kuoshea navyo viwe karibu na joto hilo hilo.

Nimesema nitaurudia mkanda wa marehemu. Usiwe wa kwanza kuusafisha, wala wa pili. Safisha mikanda yako mitatu, mpaka mikono ijue kazi gizani bila kufikiri. Kisha, katika giza kamili, kata kipande cha kama sentimita 10 mwanzoni mwa mkanda wake, baada ya ile ncha iliyopigwa na mwanga wakati wa kuutia, ukisafishe peke yake uone ukungu, ule weusi unaoufunika mkanda mzee, umezidi kiasi gani, ndipo uamue muda wa uliobaki. Dawa ya HC-110 inajulikana kwa kutuliza ukungu wa mikanda mizee. Hata ukiwa wa rangi, usafishe kama wa nyeusi na nyeupe. Dawa za rangi za miaka hiyo hazipo tena, na kivuli cha picha kinaweza bado kuwa kimeshika. Ukitoka mweusi mtupu, usiutupe. Uanike ukauke, uutazame juani, fremu moja moja. Ukiona hata bega la mtu au ukingo wa dirisha, niandikie tena nitakueleza namna ya kuitoa picha hiyo.